Kuandika Hadithi ya Wapagazi wa Vita vya 1914



Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa kazi ya kutunga hadithi ya kale itakayosomwa na vijana, nayo itoke katika nchi yetu hii ya mpakani, Busia au Tororo. Mimi nilichagua habari za babu yake babu yangu, aliyechukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya 1914 hata 1918, wala hakurudi. Niliandika kurasa kumi na mbili kwa usiku mmoja, nikajiona fundi. Kijana wangu alikamatwa mwaka 1917 katika stesheni ya Tororo, akasukumwa ndani ya gari la moshi, akautazama Mwamba wa Tororo mpaka ukapotea machoni.

Mwalimu alinirudishia daftari. Alikuwa ameandika maneno mawili tu kwa wino mwekundu: "Gari gani?"

Mwaka 1917 reli itokayo Mombasa na Nairobi iliishia Kisumu. Ilipita Tororo baadaye, katika miaka ya 1920, na vita vilikuwa vimekwisha zamani. Basi hadithi yangu ilianguka pale pale ilipoanzia. Nilianza upya, na mambo niliyojifunza nataka kuwagawia.

Jambo la kwanza: ujue mahali na wakati. Siku zile hapakuwa na wilaya iitwayo Busia. Watu wa upande huu walitawaliwa kutoka Mumias, ambako Nabongo Mumia alikuwa chifu mkuu. Jina la Kenya lilipewa nchi nzima mwaka 1920 tu. Fedha ilikuwa rupia, si shilingi. Na mpaka wenyewe ulikuwa mchanga: hata mwaka 1902 nchi yote hii, mpaka karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Uganda. Kwa hiyo mtu wa Samia au Mteso alikuwa na shangazi upande mmoja na mjomba upande wa pili. Kijana aliyekimbia askari wa chifu aliweza kuvuka mto usiku akalale kwa mjomba. Lakini Uganda nayo ilitoa wapagazi, na huko pia hakuwa na usalama. Jambo kama hili lina faida katika hadithi kuliko gari la moshi lisilokuwako.

Jambo la pili: ujue kazi yenyewe na sababu yake. Waingereza walipigana na Wajerumani wa jemadari von Lettow-Vorbeck katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Punda, ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o, na magari yalizama katika matope. Ikabaki kichwa cha mwanadamu. Sheria ya mwaka 1915 iliipa Serikali uwezo wa kuwatwaa watu kwa nguvu, na mwaka 1917 kazi ya kuwakusanya kwa wingi ikakabidhiwa John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza. Machifu waliambiwa hesabu ya watu wanaotakiwa, nao wakatuma askari wao vijijini.

Fanyeni hesabu ndogo. Tuseme mpagazi anachukua ratili 50 za unga, naye hula ratili mbili kwa siku. Baada ya siku 25 ameumaliza mzigo wake wote, na askari aliye mbele hajapata hata konzi moja. Kadiri von Lettow alivyorudi nyuma kwenda kusini, ndivyo njia ilivyozidi kurefuka, na ndivyo wapagazi wengine walivyohitajiwa ili kuwalisha wapagazi. Ndiyo maana vijiji vilikaushwa wanaume. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na kichomi. Watu wa Nyanza waliozoea wimbi na mtama walipewa unga wa mahindi, na mara nyingi ulikuwa haujaiva, kwa maana sufuria na kuni zilikuwa haba. Hesabu ya Serikali yenyewe kwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ilipita 40,000, nao wanahistoria huiona kuwa ndogo.

Jambo la tatu: uchague mtu mmoja. Elfu arobaini hawaingii katika moyo wa msomaji, bali mmoja huingia. Mwandishi wa Kimarekani Ruta Sepetys alifanya hivyo katika kitabu chake cha mwaka 2011, Between Shades of Gray. Anasimulia jinsi watu wa Lithuania walivyohamishwa kwa nguvu mwaka 1941 na kupelekwa Siberia kufanya kazi, lakini yote tunayaona kwa macho ya msichana mmoja, Lina, mwenye miaka 15. Msidhani mambo hayo ni ya mbali sana nasi. Wapoland waliohamishwa hivyo hivyo na Warusi walifika hata Uganda kuanzia mwaka 1942, wakakaa katika kambi za Koja na Nyabyeya.

Ukitaka msimulizi aliyejua kusoma, hata hapa yuko. Vijana wa shule za misheni za Uganda waliingia katika kikosi cha Waafrika cha uuguzi, nao waliwaona wapagazi wakiletwa hospitali. Mimi sikumchagua msomi. Nilimchagua yule yule wa kwetu, kijana aliyekuwa ameoa juzi tu.

Jambo la nne ndilo lililonisumbua zaidi. Nilipomsomea Babu karatasi zangu, alinisikiliza kimya mpaka nilipofika mahali pa kukamatwa. Nilikuwa nimeandika kwamba Mzungu mwenye bunduki aliingia kijijini.

"Mjukuu wangu," akasema, "Mzungu hakufika kwetu siku ile. Aliyekuja usiku na kamba ni mzee wa kijiji chetu."

Nikashtuka. Wajukuu wa mzee yule ni jirani zetu hata leo, na mmoja tunakaa naye dawati moja. Nikamwuliza Babu kama niliache jambo hilo.

"Usiliache," akasema. "Lakini uandike pia kwamba alikuwa ametakiwa watu sita kabla ya jua kuchomoza, na wa kwanza aliyemfunga alikuwa mpwa wake mwenyewe."

Hapo ndipo nilipofahamu. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Lakini katika nyasi nako kuna jani lililosukumwa kulilalia lenzake. Mwandishi asimfiche aliyetenda, wala asimkate yule mtu na amri iliyomsukuma. Nilimwonyesha rafiki yangu ukurasa ule kabla ya kumpa mwalimu. Aliusoma mara mbili, akasema, "Nyumbani kwetu hili halisemwi. Liache libaki."

Jambo la tano: urudishe jina. Mpagazi alivikwa shingoni kibati chenye nambari. Makarani waliandika majina wasiyoweza kuyatamka, na wengine waliokamatwa walitaja majina ya uongo. Kwa hiyo vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia wajane wao. Mjini Nairobi kuna sanamu za ukumbusho katika Kenyatta Avenue, na mpagazi ni mmoja wa watu watatu wanaosimama pale. Maandishi yapo kwa lugha tatu, lakini majina ya watu hayamo. Lililobaki midomoni mwa watu ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, ambalo ulimi wetu uligeuza kuwa Kariakoo kule Dar es Salaam na Kariokor kule Nairobi. Watu hununua nyanya pale kila siku wala hawajui wanatamka nini.

Sisi nyumbani hatuna kaburi la kupalilia. Babu hajui kama babu yake alizikwa Kilwa, au alichukuliwa na maji ya Rufiji. Anajua jina tu, nalo ndilo alilopewa yeye. Basi hadithi yangu mpya haianzi stesheni. Inaanza na mwanamke mlangoni alfajiri, akiita jina lile mara tatu kuelekea njia ya Mumias, huku mtoto mchanga yumo mgongoni. Mwalimu safari hii aliandika neno moja tu: "Endelea."

Kwa wenzangu wanaotaka kujaribu, na kwa wazee wetu waliowahi kusoma hapa, nawaachia maswali matatu:

1. Katika ukoo wenu, ni nani aliyekwenda vitani asirudi, na jina lake amepewa nani?
2. Taja vitu vitatu vilivyopo kijijini kwenu leo ambavyo havikuwako mwaka 1917.
3. Ungekuwa mzee wa kijiji, umetakiwa watu sita kabla ya jua kuchomoza, ungefanya nini?

Swali la tatu msilijibu haraka.