Sheria ya Kazi Katika Mizani ya Wachunguzi

Wengi hudhani kwamba sheria ikimpendelea mfanyakazi, basi mfanyakazi amekwisha kunufaika. Dhana hii yataka kuchunguzwa, na nchi ifaayo ni India. Huko sheria ya migogoro ya kazi ya mwaka 1947 iliwekwa kwa nchi nzima, lakini kila jimbo likapewa uwezo wa kuirekebisha. Majimbo yakashika njia mbalimbali, na mtu aweza kuyalinganisha.

Kazi hiyo waliifanya wanauchumi wawili, Timothy Besley na Robin Burgess, wakaitangaza mwaka 2004. Waliyapitia mambo ya majimbo tangu mwaka 1958 hata 1992. Rekebisho lililomwelekea mfanyakazi walilihesabu kuwa kuongeza moja; lililomwelekea mwajiri, kutoa moja; lisiloelekea popote, sifuri. Wakaona kwamba katika majimbo yaliyowaelekea wafanyakazi, kama Bengali ya Magharibi, mazao na ajira za viwanda vilivyoandikishwa zilidhoofika, na umaskini wa mijini ukazidi. Viwanda visivyoandikishwa ndivyo vilivyostawi, na humo kinga ya sheria ile ni haba mno.

Yawezekanaje? Tazama, ndugu msomaji, kanuni iliyoongezwa na serikali kuu mwaka 1976: kiwanda chenye wafanyakazi 300 au zaidi kisiwapunguze wala kisifungwe bila idhini ya serikali. Rekebisho la mwaka 1982 likateremsha kiwango hicho hadi 100. Mwenye kiwanda ajuaye kwamba siku ya hasara hataweza kuwapunguza watu, huogopa kuwaandika siku ya faida. Aliyemo ndani amelindwa. Anayesubiri langoni hana habari.

Lakini mizani yenyewe nayo yapasa kupimwa. Mwaka 2006 mwanauchumi Aditya Bhattacharjea alionyesha kwamba Gujarat ilihesabiwa miongoni mwa majimbo yaliyowaelekea wafanyakazi kwa sababu ya rekebisho moja tu la mwaka 1973, lililomtoza mwajiri faini ya rupia 50 kwa siku asipowateua wajumbe wake katika baraza la pamoja. Je, faini hiyo yatosha kuligeuza jimbo zima? Kwa maoni yangu, pingamizi hili ni zito: linavunja hesabu, ingawa halimwondoi yule anayesubiri langoni.

Mwaka 2020 Bunge la India lilipitisha sheria mpya ya mahusiano ya kazi, nayo ikakirudisha kiwango kile hadi 300.