Mtoto Mchanga na Njia ya Kurudi Kituoni: Nasaha kwa Kaya za Murusagamba

Ada ya kumweka mzazi ndani ili apumzike ni ada njema, maana humpa mama raha na mtoto joto; lakini ikigeuzwa kuwa sababu ya mtoto kutoonwa na mkunga wala tabibu, basi imepotoka, kwa kuwa wiki ya kwanza, ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa ya mapumziko, ndiyo yenye hatari kupita zote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulidhihirisha kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Na duniani kote takriban robo tatu ya vifo hivyo hutokea ndani ya siku 7 za awali.

Kwa hiyo aliyejifungua katika kituo cha afya asiondoke kabla ya saa 24 kutimia, na akiondoka azijue tarehe zake za kurudi: ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Aliyejifungulia nyumbani au njiani apelekwe siku ileile. Vijiji vingine viko mbali, na masika njia huteleza. Ndiyo maana nauli ya pikipiki iwekwe akiba tangu mimba, maharage ya kuuza yangali ghalani, na jambo hilo liwe dhamana ya baba. Huduma yenyewe katika vituo vya umma, kwa sera ya serikali, haitozwi.

Nyumbani, kitovu kiachwe kikavu, kisipakwe majivu, samadi wala dawa ya majani. Kila siku mtoto atazamwe penye mwanga wa jua, viganja na nyayo, kama zina rangi ya manjano. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue tumbo, tazama linavyopanda na kushuka, ukihesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu; zikifika 60 au zaidi, hesabu tena, na zikirudia hivyo, usingoje asubuhi. Kadhalika usingoje ukiona manjano hiyo viganjani au nyayoni, akikataa ziwa, akipatwa na degedege, akilegea, akiwaka homa au akiwa baridi, au kitovu kikitoa usaha. Njiani akae kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, amefunikwa kichwa. Na mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 akae hivyo hata nyumbani, usiku na mchana, naye aonwe kituoni mara nyingi zaidi ya wenzake. Mkiambiwa nendeni hospitali ya Rulenge, Murgwanza au Nyamiaga, safari ianze saa hiyohiyo.

Enyi bibi na akina mama wakwe, ninyi ndio mnaosikilizwa nyumbani, na mzazi kijana hatoki pasipo idhini yenu. Twawasihi kwa taadhima: mpeni ruhusa mapema, na mmoja wenu afuatane naye.