Somo: Mtoto Anajifunza Kusikia

Watu wengi wanafikiri kwamba kusikia ni kazi ya sikio tu. Siyo hivyo. Sikio linapokea sauti, lakini ubongo ndio unaoijua. Somo hili linaonyesha namna njia ya kusikia inavyojengwa, na kwa sababu gani tusikawie mtoto asiposikia.

1. Tutazame wanyama

Mtoto wa mbwa akizaliwa, macho yake yamefumba na matundu ya masikio yake yameziba. Yanafunguka karibu na siku ya 14. Mtoto wa panya anaanza kusikia karibu na siku ya 12. Lakini mtoto wa mbuzi anazaliwa akisikia. Siku ileile anasikia mama yake akimwita.

Na mtoto wa mtu? Yeye anaanza kusikia tumboni, karibu na mwezi wa 6 wa mimba. Kwa hiyo akizaliwa anaijua tayari sauti ya mama yake.

2. Njia ya sauti

Sauti inaingia katika tundu la sikio na kutikisa ngoma ya sikio. Mifupa midogo 3 inapeleka mtikiso huo ndani, mahali palipozunguka kama nyumba ya konokono. Humo mna chembe karibu 15,000, zenye vinyweleo vidogo sana. Zikitikiswa, zinatuma habari kwa mshipa hadi ubongo. Chini ya ubongo, habari za masikio mawili zinalinganishwa, ili tujue sauti inatoka upande gani. Kisha zinapanda juu, mahali ambapo maneno yanafahamika.

Katika watoto wa panya, wataalamu wameona jambo la ajabu. Kabla sauti yoyote haijaingia, chembe hizo zinatuma habari zenyewe. Ni kama watu wanaokanyaga njia mpya kabla ya siku ya soko.

3. Wakati haungoji

Njia inayopitwa kila siku inabaki wazi. Njia isiyopitwa inamezwa na majani. Ndivyo ilivyo katika ubongo wa mtoto. Kama sauti hazifiki katika miaka ya kwanza, njia zake zinadhoofika, na sehemu ile ya ubongo inaweza kushikwa na kazi nyingine, kama kuona. Mtoto akipewa chombo cha kusikia akiwa amechelewa sana, atasikia kelele, lakini kufahamu maneno kutamshinda mara nyingi.

Tena, chembe za sikio zikifa, hazioti tena kwa mtu. Basi tuzilinde.

4. Mpime mtoto wako

Mtoto wa miezi 6 ageuze kichwa akisikia sauti. Simama nyuma yake, asikuone. Mwite, au tikisa kopo lenye maharagwe. Usimguse. Asipogeuka, jaribu tena siku nyingine. Asipogeuka tena, mpeleke hospitali. Usiseme, "Huyu ni mkaidi," wala, "Amerogwa." Usingoje akue kwanza.

5. Mambo ya kufanya

- Mtoto apate chanjo zote. Surua na homa ya utando wa ubongo zinaweza kuharibu kusikia.
- Sikio likitoa usaha, mpeleke kwa mganga. Usitie maji ya majani, mafuta ya moto wala njiti.
- Usinunue sindano sokoni. Dawa nyingine, kama jentamisini, zinaweza kuua chembe za sikio zisipopimwa vizuri.
- Mtoto mchanga akiwa na macho ya manjano, nenda hospitali upesi.
- Sema na mtoto, mwimbie, mtajie vitu kwa lugha ya nyumbani, hata kama bado hajibu.

Na kama mtoto ni kiziwi kweli? Usimfiche. Ubongo wake unataka lugha, na lugha inaweza kuingia kwa macho. Ninyi na ndugu zake mjifunze lugha ya alama pamoja naye tangu udogo, naye atafahamu, atauliza na atasoma kama wengine.

Maswali

1. Mtoto wa mtu anaanza kusikia wakati gani?
2. Kwa sababu gani haifai kungoja mtoto asiyesikia akue kwanza?
3. Mtoto wako akitoa usaha sikioni leo, utafanya nini?