Almasi Inayokereza Lenzi Ndogo

Fundi wa kerezo, awe Buzuruga jijini Mwanza au kwingineko, ajua kwamba kisu cha kukatia sharti kiwe kigumu kuliko kinachokatwa. Je, almasi, iliyo ngumu kuliko madini yote ya asili, yaweza kukereza kila kitu? Jibu ni hapana, na sababu yake yafaa ieleweke.

Safu ya lenzi ni nini?

Jicho la nzi lina lenzi nyingi ndogo zilizopangwa pamoja. Kadhalika, taa nyingi za LED za barabarani hufunikwa kwa bamba la plastiki lenye lenzi nyingi. Lenzi kama hizo hazichongwi mojamoja: plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu ya metali. Dosari moja ya kalibu hurithiwa na kila bamba litokalo humo.

Kalibu hukerezwaje?

Panapotakiwa usahihi mkubwa, metali huzungushwa juu ya mhimili unaoelea katika hewa iliyoshindiliwa. Ncha ya almasi, iliyo fuwele moja, huingia na kutoka mara nyingi katika kila mzunguko, ikichimba kishimo mahali pa kila lenzi. Mikwaruzo inayobaki huweza kuwa chini ya nanometa 10, ilhali wimbi la nuru ya kijani lina urefu wa nanometa 550 hivi. Basi uso hung'aa kama kioo bila kusuguliwa.

Kwa nini si chuma?

Almasi ni kaboni. Katika joto la ukataji, chuma huvuta atomi za kaboni kutoka kwenye ncha, na makali huisha upesi. Hivyo ugumu peke yake hautoshi. Shaba na alumini hukatwa bila shida hiyo. Kalibu ya chuma cha pua hupakwa kwanza tabaka la nikeli yenye fosforasi, nalo ndilo hukerezwa.

Kusini mwa Mwanza, mkoani Shinyanga, uko mgodi wa Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mawe ya namna hiyo hayavaliwi kidoleni tu. Pamoja na almasi zinazoundwa viwandani, hufanya kazi karakanani.

Zoezi

Kipande cha shaba cha milimita 100 hurefuka maikrometa 1.7 hivi joto likipanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Linganisha kiasi hicho na wimbi la nuru ya kijani, kisha ueleze kwa nini joto la chumba cha kerezo hili hudhibitiwa.