Kuchagua Paa la Nyumba

Mtu aliyeweka akiba miaka mingi ili ajenge nyumba ya kudumu, mara nyingi fedha humpungukia afikapo kwenye paa. Hapo ndipo hushawishika kununua mabati mepesi kuliko yote yaliyomo dukani. Lipu ya ukuta yaweza kungojea mwaka mwingine. Paa bovu halingoji, nalo huozesha kenchi, ukuta na vyombo vya ndani pamoja.

Paa la nyasi au la makuti lina sifa zake, wala si haki kulidharau. Nyumba huwa baridi wakati wa jua, na vifaa hupatikana karibu. Lakini lataka mwinamo mkali, yapata nyuzi 45, ili maji yasikawie juu yake, na halina budi kuezekwa upya kila baada ya miaka kadha. Tena cheche moja yatosha kuliteketeza.

Vigae vya udongo vilivyochomwa vizuri huweza kupita umri wa aliyeviweka. Mashaka ni uzito: meta moja ya mraba yaweza kufika kilo 40 na zaidi, na kenchi iliyoundwa kwa ajili ya mabati haiwezi kuuchukua.

Basi watu wengi wa Kenya huezeka mabati, na hapo yafaa kujua maana ya geji. Hesabu yake huenda kinyume: bati la geji 28 ni nene kuliko la 30, na la 30 ni nene kuliko la 32. Anayechukua 32 akidhani amepata zaidi amedanganywa na tarakimu. Wala unene peke yake haulindi bati. Kinga yake ni zinki iliyopakwa juu ya chuma, ambayo huliwa kidogo kidogo badala ya chuma chenyewe. Mchanganyiko wa alumini na zinki kwa kawaida hudumu zaidi. Lamu, Malindi na Mombasa, ambako upepo huleta chumvi ya bahari, bati lenye zinki haba hushika kutu upesi kuliko Nakuru au Nyeri.

Hata bati zuri laweza kuharibiwa na fundi kwa siku moja. Misumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Ncha za mabati zipandane angalau sentimeta 15, na zaidi kama mwinamo ni mdogo. Vumbi la chuma kilichokatwa lifagiliwe siku ile ile, na saruji mbichi ikidondoka ioshwe kabla haijakauka, maana hula zinki.

Mapaa ya asbesto, yaliyosifiwa zamani kwa kutoungua wala kushika kutu, yasifikiriwe kabisa. Vumbi lake huleta saratani, na Kenya iliyapiga marufuku mwaka 2006. Mwenye nyumba iliyoezekwa kwa asbesto asiivunje wala kuisugua. Kuiondoa ni kazi ya wenye leseni.

Iko faida moja ya bati isahauliwayo. Mvua ya milimeta 20 juu ya paa la meta za mraba 50 ni lita 1,000 za maji, zikipungua kidogo kwa yanayomwagika. Gharama ya mlizamu na tangi, basi, iingizwe katika hesabu kabla bati la kwanza halijanunuliwa.