Chale na Tatuu: Kuiandaa Ngozi na Kulitunza Jeraha

Nzega ni njia panda. Malori yanayotoka Dar es Salaam kupitia Singida hupita hapo yakielekea Shinyanga, Mwanza na Rwanda, na barabara itokayo Tabora huungana nayo mjini humo. Katika mji wa namna hii desturi mbili za kuichora ngozi hukutana. Ya kwanza ni chale, zinazochanjwa kwa wembe na kupakwa dawa. Ya pili ni tatuu, inayochorwa kwa mashine ya sindano na wino. Vijana huiona ya kwanza kuwa ya wazee na ya pili kuwa ya kisasa. Ngozi haijui tofauti hiyo.

Chale katika nchi ya Unyamwezi ni za zamani kuliko barabara ya lami, na hata kuliko reli. Richard Burton, aliyefika Kazeh mnamo Novemba 1857 kwa njia ya misafara, eneo ambalo leo ni Tabora, alieleza alama za Wanyamwezi: safu mbili za mikato midogo iliyoshuka kutoka pembeni mwa nyusi, ikapita mashavuni hadi tayani, na kwa wanaume ikatiwa weusi wa mkaa. Kitaalamu hiyo ni tatuu kamili. Chembe za rangi hupenya tabaka la juu la ngozi, ambalo hupukutika na kujifanya upya kila baada ya majuma machache, zikatua katika tabaka la chini. Huko seli za kinga huzimeza, na kwa kuwa haziwezi kuziyeyusha, hubaki nazo. Ndiyo maana mchoro haufutiki kwa kuoga, na ndiyo maana chochote kinachoandamana na rangi hiyo, kiwe kirusi, bakteria au udongo, huingia hadi penye mishipa ya damu.

Hatari iliyo kubwa kuliko inavyodhaniwa ni homa ya ini aina ya B. Kirusi chake huambukiza kwa urahisi kuliko VVU, na kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi katika tone la damu lililokauka, lisiloonekana kwa macho. Wembe uliofutwa kwa kitambaa, au kikombe cha wino kilichochovywa sindano ya mteja wa asubuhi, vinatosha. Tanzania iliingiza chanjo ya ugonjwa huu katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hiyo watu wazima wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Anayekusudia kuchorwa anafanya vema kupima kwanza, na akikutwa hana maambukizi wala kinga, kuanza chanjo. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu mwezi wa sita. Tatuu inaweza kusubiri.

Pepopunda ina njia yake. Bakteria wake huishi udongoni na katika kinyesi cha mifugo wakiwa kama mbegu ngumu, na mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka. Spiriti haiziui pia. Kupitisha wembe kwenye moto wa kibiriti ni faraja ya macho tu. Kinachoziua kwa uhakika ni mvuke wenye mgandamizo, nyuzi joto 121 kwa muda usiopungua dakika 15, ndani ya mtambo wa kutakasia vifaa kama ule wa hospitalini. Hapa wanaume wamo hatarini zaidi ya wanawake, jambo linalosahaulika mara kwa mara: mwanamke hukumbushwa chanjo ya pepopunda kila anapohudhuria kliniki ya ujauzito, ilhali mwanamume wa miaka 30 huenda hajachanjwa tangu utotoni.

Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, mjamzito, anayetumia dawa za kupunguza kinga au za kuzuia damu isigande, na aliyewahi kupata kovu nene lililovuka mipaka ya jeraha, yaani kiloidi, wamwone daktari kwanza. Kiloidi huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na hupenda kifua, mabega, taya na ndewe za masikio. Kovu la zamani, liwe la chanjo au la kutoga masikio, hutoa habari kabla ya sindano kutoa.

Siku ya kuchorwa, mteja aende akiwa ameshiba na hajanywa pombe. Asitumie aspirini kwa ajili ya maumivu, kwani huongeza utokaji wa damu. Afike na ngozi iliyooshwa kwa sabuni, isiyo na upele wala kidonda. Aangalie mchoraji akinawa mikono na kuvaa glovu mpya, akifungua sindano mpya kutoka kwenye pakiti mbele yake, na akimimina wino kidogo katika kikombe kipya ambacho mabaki yake yatatupwa. Wino usiongezwe maji ya bomba. Kwa mganga kanuni ni ileile: mgonjwa aende na wembe wake mpya uliofungwa, na akatae wembe uliotumika kwa mwingine, hata kama mwingine huyo ni ndugu yake. Dawa iliyochanganywa na udongo, samadi au majivu isipakwe kwenye mkato.

Baada ya hapo kilichopo ni jeraha, si pambo. Lioshwe mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo kali, mikono ikiwa imeoshwa kwanza, likaushwe kwa kugusishwa kitambaa safi bila kusugua, kisha lipakwe tabaka jembamba la mafuta ya mgando. Magamba yatakayotokea yaachwe yadondoke yenyewe. Kwa majuma mawili hadi matatu, jeraha lisizamishwe katika maji ya lambo wala ya majaruba ya mpunga, na likingwe dhidi ya jua na vumbi kwa nguo pana ya pamba. Unga wa vidonge vya antibiotiki haumwagwi juu ya jeraha.

Vitabu vingi husema dalili ya maambukizi ni wekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mara nyingi huwa ni weusi uliokolea au rangi ya zambarau. Kiganja ni kipimo bora: joto, uvimbe na maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua. Usaha, homa, au tezi za kwapani au kinenani zilizovimba humtaka mgonjwa afike kituoni siku hiyohiyo. Taya linalokaza ni dharura.

Mhudumu wa afya naye ana kazi yake, na huanza kwa kutokemea. Chale ni taarifa. Zikiwa chini ya mbavu za kushoto za mtoto, mara nyingi huonyesha mahali ambapo mzazi aliona bandama imevimba. Malaria ya mara kwa mara na selimundu vichunguzwe. Zikiwa juu ya baka lililopauka, baka hilo lipimwe kwa ncha ya pamba: lisipohisi mguso, ukoma ufikiriwe, kwani chale hazitautibu na kila mwezi unaopotea huidhuru mishipa ya fahamu. Mgonjwa aliyewahi kukaripiwa kwa ajili ya mganga hataeleza kwamba juzi alichangia wembe. Saa 72 zitapita, nazo ndizo za kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU, zinazomezwa kwa siku 28. Aliyechorwa karibuni aelezwe pia kwamba ataombwa kuahirisha kuchangia damu kwa muda.

Wapo wanaokuja wakitaka kufuta. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi huweka sharti kwamba mwombaji asiwe na michoro mwilini, na kijana aliyejichora jina akiwa na miaka 17 hulikumbuka sharti hilo akiwa na 20. Wengine hutumia maji ya betri, wengine pasi ya moto. Asidi huunguza tabaka lote la ngozi na kuacha kovu pana kuliko mchoro wenyewe, na kama ngozi yake ni ya kiloidi, kovu hilo litaendelea kukua. Mionzi ya leza huvunja wino polepole kwa vipindi vingi, kwa gharama kubwa, na juu ya ngozi nyeusi huweza kuacha mabaka meupe. Kijana huyo apelekwe kwa daktari wa ngozi kabla hajaishika chupa ya asidi.