SOMO: KOMPYUTA ZA WANANCHI NA TETEMEKO LA ARDHI

Alfajiri ya tarehe 26 Disemba 2004, kwa saa za Afrika Mashariki, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi yalichukua takriban saa saba na zaidi kuvuka Bahari ya Hindi. Hata hivyo yalipofika mwambao wa Somalia na Tanzania yaliwakuta watu ufukweni, na roho zikapotea. Kenya, ambako habari ilitangulia na watu wakaondoshwa fukweni, alifariki mtu mmoja.

Habari, basi, ndiyo kadhia yenyewe. Mitambo ya kupimia matetemeko ni ghali, na nchi nyingi zinayo michache. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani, Elizabeth Cochran na Jesse Lawrence, walianzisha mtandao ulioitwa Quake-Catcher Network, uliotumia kompyuta za majumbani na maskulini. Baadhi ya kompyuta za kubebwa huwa na kipimo kidogo cha kutambua mtikisiko, kilichotiwa ili kuinusuru diski zinapoanguka. Nyengine zilichomekewa kipimo cha bei nafuu kilichogandishwa sakafuni.

Kompyuta ikitikisika, hupeleka kwa njia ya intaneti wakati, mahali na nguvu ya mtikisiko. Kompyuta moja haisadikiwi, kwani huenda mlango umebamizwa au mtoto ameipiga meza teke. Lakini zikitikisika nyingi za mji mmoja ndani ya sekunde chache, kituo kikuu hutambua kuwa ni tetemeko. Mawimbi ya ardhini hwenda kilomita chache kwa sekunde, ilhali habari ya intaneti huyapita mbali. Hivyo mji ulio mbali waweza kuonywa kabla haujatikisika. Walio juu ya chimbuko lenyewe hawapati nafasi hiyo.

Baada ya matetemeko ya mwaka 2010, vipimo vya aina hiyo viliwekwa katika nyumba za wananchi nchini Chile, na huko Christchurch, New Zealand. Ilidhihirika pia kasoro yake: kompyuta iliyozimwa haisikii kitu, na umeme ukikatika mtandao huwa kiziwi.

Kwa wakaazi wa visiwani, tahadhari ya tsunami hupitia Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Anayeona bahari imekupwa ghafla, si kwa wakati wake, akimbilie mahali pa juu bila ya kungoja tangazo, na asirudi kuokota samaki.